MTO WENYE MABWANA KUMI: NANI ANAJIBU?

NDUGU msomaji, Mkoa wa Kagera una Kagondo mbili. Moja ni kata ya Manispaa ya Bukoba. Nyingine iko Wilaya ya Muleba, ile inayofahamika kwa hospitali yake ya misheni. Ya kwanza ina mkurugenzi wake, ya pili ina mkurugenzi wake. Kila mkurugenzi ana muhuri wake, gari lake na vikao vyake.

Lakini mvua haina muhuri. Inanyesha juu ya migomba na mibuni ya pande zote mbili, inasomba udongo wa kibanja na wa rweya bila kuuliza mpaka wa wilaya uko wapi, na mwisho wa safari yote inaishia Ziwa Victoria. Udongo wa Muleba na udongo wa Bukoba hukutana humo humo, na dagaa wa kijiweni kwako wanatoka humo humo.

Gazeti hili linasema wazi, bila kumung'unya maneno: balaa la mazingira katika nchi hii halitokani na uchache wa sheria. Sheria tunazo tele. Sera tunazo, mikakati tunayo, semina ndiyo usiseme. Balaa ni serikali ambayo idara zake hazisemezani. Wataalamu wanaliita jambo hili uratibu. Mtaani tunaliita kuelewana. Kwa jina lolote lile, halipo, na anayelipa gharama ya kutokuwepo kwake ni wewe kijana, si kigogo mwenye gari la serikali.

MABWANA KUMI

Chukua mto Kanoni, unaokatiza Bukoba mjini na kumwaga maji yake ziwani. Hakuna kijana wa Bukoba asiyeujua. Mvua zikizidi unafurika, maji yanaingia majumbani, na mwenye duka anabaki kuhesabu magunia yaliyolowa. Sasa tuulizane: mto huu ni wa nani?

Maji yenyewe ni ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Kingo zinalindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ambayo msimamizi wake ni NEMC. Viwanja vinavyopakana na mto hupimwa na watu wa Ardhi. Mchanga unahesabika kuwa madini ya ujenzi, kwa hiyo leseni yake ni ya Tume ya Madini. Mitaro na madaraja madogo ya mitaani ni ya TARURA, iliyoundwa 2017. Barabara kuu ni ya TANROADS. Mabomba ya maji safi na maji taka ni ya BUWASA. Samaki wa mdomoni mwa mto ni wa Uvuvi. Bustani za mboga bondeni ni za Kilimo. Takataka, vibanda na ushuru ni vya Manispaa.

Hesabu mwenyewe. Ni kumi. Na hapo hatujawataja watu wa Afya, ambao huitwa mwishoni, wananchi wakishaanza kuharisha.

Kila mmoja kati ya hao kumi ana sheria yake, bajeti yake na mkubwa wake huko juu. Mafuriko yakija, nenda kaulize. Wa mitaro atakwambia mitaro yake ni mizima, ila imezibwa na takataka, na takataka si zake. Wa takataka atakwambia watu wamejenga hadi mtoni, na viwanja si vyake. Wa viwanja atakwambia ramani ilikuwa sahihi, ila watu walijenga bila kibali, na kubomoa si kazi yake. Utazungushwa kama mpira wa danadana hadi jua lizame.

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Hapa kwetu wamezidi: kila nahodha ana usukani wake, na chombo ni kimoja.

RISITI MKONO HUU, NYUNDO MKONO ULE

Unaweza kusema, kijana, haya ni mambo ya wakubwa, mimi nahangaikia mkate wangu. Subiri.

Fikiria kijana wa mjini, asiye na ajira kama maelfu ya wenzake, anayeamua kufungua sehemu ya kuosha pikipiki kando ya mto. Maji yako karibu na bodaboda ni wengi. Siku ya pili mtoza ushuru anafika na mashine yake. Kijana analipa, anapewa risiti yenye nembo ya halmashauri. Moyoni anasema: serikali imenitambua.

Mwaka unapita, miwili inapita. Amejenga kibanda, ameajiri wenzake wawili. Asubuhi moja anakuta alama ya X nyekundu imepakwa ukutani. Anaambiwa yuko ndani ya mita 60 za mto. Ni kweli: kifungu cha 57 cha sheria ya 2004 kinakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Wiki ijayo mgambo wanashuka na nyundo.

Je, kijana huyu amevunja sheria? Ndiyo. Lakini nani alimpokelea fedha kila siku kwa kosa hilo hilo? Aliyetoa risiti na aliyeleta nyundo ni serikali ile ile. Mkono wa kulia ulipokea, mkono wa kushoto ukabomoa, na mikono hiyo miwili haikuwahi kukaa meza moja. Mto haukupona, maana miaka miwili mafuta na sabuni vilikwisha kwenda ziwani. Kijana hakupona, maana mtaji wake umelala chini. Aliyepona ni mapato ya halmashauri.

Hatutetei ujenzi mtoni. Tunauliza tu: kwa nini sheria ya mita 60 inakumbukwa siku ya kubomoa na kusahauliwa siku ya kutoza?

Haya ya nchi kavu yako pia majini. Muleba ina visiwa vingi vya wavuvi: Bumbire, Goziba, Ikuza, Kerebe. Mwaka 2018 ilipita Operesheni Sangara kwenye Ziwa Victoria, nyavu haramu zikakamatwa na kuchomwa moto. Kokoro na timba zinaua mazalia ya samaki, hilo hatubishi, na mvuvi wa kesho atakufa njaa zisipodhibitiwa. Lakini nyavu hazioti kwenye mwamba wa Goziba. Zinatengenezwa viwandani au zinaingia kwa mipaka, zinapita forodhani, zinalipiwa kodi, zinauzwa madukani mchana kweupe kwa leseni ya Biashara. Zikishafika mikononi mwa mvuvi aliyekopa ili azinunue, hapo ndipo Uvuvi wanatokea na kiberiti.

Kama Forodha, Biashara na Uvuvi wangekaa pamoja, wavu haramu ungekufa bandarini na si ufukweni. Moto huo ungewaka kwenye bohari ya tajiri. Labda ndiyo sababu hawakai pamoja.

TULIFIKAJE HAPA?

Vijana wengi mmezaliwa mkakuta mambo yako hivi. Ni vizuri mjue yalivyoanza.

Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC, liliundwa kwa sheria ya 1983. Lilipewa kazi ya kushauri. Kushauri tu! Halikuwa na meno ya kumsimamisha mtu. Mwaka 1995 Idara ya Mazingira ikahamishiwa Ofisi ya Makamu wa Rais, ili isimame juu ya wizara zote. Mwaka 1997 ikaja Sera ya Taifa ya Mazingira. Jirani zetu hawakungoja: Uganda ilipata sheria yake na mamlaka kamili ya mazingira 1995, Kenya ikafuata 1999. Sisi tulisubiri hadi 2004 ndipo ikapitishwa sheria yenye nguvu.

Tuseme ukweli, sheria hiyo ya 2004 si mbaya kwenye karatasi. Inataka kila wizara ya kisekta iwe na kitengo cha mazingira. Inataka kila halmashauri iwe na ofisa wa mazingira. Inataka kamati za mazingira hadi kwenye kata, vijiji na mitaa. Inampa kila mtu aliyeko Tanzania haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, na inamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa. Aliyeiandika alijua ugonjwa wetu.

Sasa tazama kilichotokea. Kwa miaka mingi idara inayohusika kwenye halmashauri zetu iliitwa Mazingira na Udhibiti wa Taka Ngumu. Jina lilisema yote. Mazingira yakageuka mapipa na mifagio. Ofisa ambaye sheria ilimtaka amshauri mkurugenzi kuhusu mito, misitu, mabonde na machimbo akawa bwana takataka. Ataanzaje kumwambia mwenzake wa Ardhi asipime kiwanja, wakati wote wawili wanamtegemea mkurugenzi yule yule, na kiwanja kinaleta fedha ilhali bonde halileti?

Na huko juu nako ni hivyo hivyo. Ofisi ya Makamu wa Rais inatoa mwongozo, lakini wahandisi, wapima ardhi na maofisa kilimo wa halmashauri wako chini ya TAMISEMI, na wakala wengine wana wizara zao. Mwongozo bila bajeti ni barua. Na barua, kama unavyojua, hukaa kwenye faili.

Hapa ndipo mazingira yanapogeuka siasa, watake wasitake. Mkuu wa mkoa anateuliwa na Rais. Mkuu wa wilaya anateuliwa na Rais. Mkurugenzi anateuliwa na Rais. Uliyemchagua wewe ni diwani, naye hana saini kwenye hundi. Kati ya 2015 na 2020 Bukoba Mjini ilikuwa na mbunge wa upinzani na meya wa upinzani. Baraza liliweza kujadili, kuhoji na kupiga meza, lakini kalamu ya utekelezaji ilibaki kwa mteule. Mtu anayeteuliwa kutoka juu hutazama juu. Mto uko chini.

HASARA YAKE TUMEIONA

Wapo watakaosema tunakuza mambo. Tuwakumbushe machache.

Mwishoni mwa Aprili 1994, takriban watu robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi wakikimbia mauaji, wakaingia Ngara. Kuwapokea lilikuwa jambo la utu, na Kagera iliwapokea. Lakini wakimbizi walikuwa wa Mambo ya Ndani, miti ilikuwa ya Maliasili, visima vilikuwa vya Maji, na wenyeji hawakuwa wa mtu. Chakula cha msaada kilikuja kwa malori, kuni za kukipikia zikatafutwa porini. Vilima vikabaki vipara, na mwenyeji wa Ngara akabaki kutembea mbali zaidi kutafuta kuni hizo hizo.

Nenda kusini, kwenye mto Ruaha Mkuu. Kuanzia 1993 ulianza kukauka kabisa wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi ya Ruaha. Kilimo walikuwa wanapanua mashamba ya mpunga ya Usangu na kuhesabu magunia. Mifugo walikuwa wanahesabu ng'ombe. Nishati walikuwa wanalilia maji ya bwawa la Mtera. Maliasili walikuwa wanawalilia viboko. Kila wizara ilikuwa na haki kwenye vitabu vyake, na wote walikuwa wanakunywa kikombe kimoja. Mwisho wake, 2006 wafugaji ndio waliofurushwa Usangu na mifugo yao, ingawa wataalamu walikwisha kusema kuwa tatizo la Mtera lilitokana kwa sehemu kubwa na namna bwawa lenyewe lilivyoendeshwa. Wewe uliyekaa gizani Dar es Salaam miaka ile ya mgawo wa umeme, ulikuwa unalipia mkutano ambao haukufanyika.

Rudi kwetu. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kuvuka kimo cha juu kilichowekwa 1964. Mei 2024 likapanda tena na kupita hapo. Ziwa likipanda, mto kama Kanoni hauna pa kumwaga, nao unarudi mitaani. Hilo halikuwa siri. Vipimo vya ziwa vipo, utabiri wa mvua upo. Swali letu ni hili: vipimo hivyo vilimfikia nani kwenye ofisi ya viwanja, na alivifanyia nini?

WAKITAKA WANAWEZA

Sasa usije ukaambiwa kuwa kuelewana hakuwezekani Afrika. Kunawezekana, tena mifano iko hapa hapa.

Gugu maji lilipofunika Ziwa Victoria miaka ya 1990, mitumbwi ikashindwa kutoka na mialo ikanuka. Agosti 5, 1994 Tanzania, Kenya na Uganda zilitia saini mkataba wa kuandaa mradi wa pamoja wa mazingira ya ziwa. Nchi hizo zikazalisha na kuachia mbawakavu wanaokula gugu hilo, huku wananchi wakiling'oa kwa mikono, na mwishoni mwa muongo ule gugu likapungua sana. Halikwisha, maana mto Kagera unaendelea kulileta kutoka juu, lakini lilirudi nyuma. Nchi tatu, zenye marais watatu na fedha za aina tatu, ziliketi meza moja. Waitu, idara tatu za halmashauri moja, zinazotumia choo kimoja, zinashindwaje?

Mfano wa pili ni mifuko ya plastiki. Hata sisi tusio na mazoea ya kuisifu serikali hii tunalisema hili. Aprili 2019 Waziri Mkuu alitangaza bungeni, na Juni 1, 2019 mifuko ikapigwa marufuku. Ilitoweka sokoni kwa haraka ambayo wengi hawakuitegemea. Kwa nini? Kwa sababu tarehe ilikuwa moja, amri ilikuwa moja, na kanuni ilikuwa moja chini ya sheria ile ile ya 2004. Viwanda, forodha, polisi, halmashauri na NEMC hawakuachiwa kila mmoja apige ngoma yake. Sheria iliyolala miaka 15 iliamka siku moja kwa sababu mkubwa mmoja alisema: mimi najibu.

Mfano wa tatu ni wa Muleba yenyewe. Wilaya hiyo ilipigwa na mlipuko mkali wa malaria 2006, hospitali zikafurika. Kuanzia 2007 nyumba zikapuliziwa dawa. Baada ya miaka michache watafiti wakagundua mbu wa Muleba wameizoea dawa hiyo na ile ya kwenye vyandarua. Basi wizara, watafiti wa NIMR, wa chuo cha tiba cha KCMC na wa London, pamoja na wanavijiji wenyewe, wakafanya jaribio la vyandarua vilivyoongezwa kemikali ya pili inayomvunja mbu kinga yake. Vilifanya kazi. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likapendekeza vyandarua hivyo, na ushahidi mkubwa uliotegemewa ulitoka Muleba.

Elewa uzito wake. Kijiji cha Muleba kiliifundisha dunia, kwa sababu mtaalamu, mtawala na mwananchi walifuata daftari moja. Lakini vita ya mbu haiishi kwenye chandarua. Bonde likifunguliwa kwa kilimo bila mpango, maji yanatuama na mbu wanazaliana. Shimo la mchanga au la tofali lisipofukiwa, ni dimbwi. Chandarua ni cha Afya, bonde ni la Kilimo, shimo ni la Madini. Mbu hajali shimo ni la wizara gani.

TUNACHODAI

Hatuandiki ili kulalamika tu. Haya ndiyo tunayoyadai kwa Manispaa ya Bukoba, kwa halmashauri za wilaya za Bukoba na Muleba, na kwa kila halmashauri ya nchi hii.

Kwanza, ushuru usitozwe mahali ambapo sheria inakataza shughuli. Kabla ya kiwanja kupimwa, leseni ya mchanga kutolewa au kibanda kuandikwa kwenye mashine ya ushuru, ofisa wa mazingira aone na atie saini. Akikataa, aandike sababu. Akikubali, jina lake libaki kwenye daftari, ili siku ya nyundo ikija tujue wa kumuuliza.

Pili, mita 60 ziwekewe alama zinazoonekana. Serikali inayoweza kupaka X nyekundu kwenye kuta inaweza pia kusimika vigingi ukingoni kabla mtu hajajenga.

Tatu, ofisa wa mazingira awe na fungu lake kwenye bajeti, si makombo ya fungu la takataka. Taarifa yake isomwe mbele ya baraza la madiwani kila robo mwaka, na ioneshe nani aliagizwa nini na nani hakutekeleza.

Nne, wakala wa serikali kuu walioko mkoani, wa maji, madini, barabara na misitu, walazimike kuhudhuria kikao hicho na kujibu maswali ya madiwani. Leo diwani akihoji, anaambiwa hao wana wakubwa wao. Wakubwa wao ni nani kama si mlipa kodi?

Tano, Bukoba na Muleba wakae pamoja. Maji yanapita mipaka yao kila siku, wao wanakutana kwenye sherehe. Ofisi ya mkoa iite kikao cha bonde zima, na maazimio yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kata, Kagondo zote mbili zikiwamo.

Sita, waliokwisha kujiajiri mtoni kwa risiti halali wapewe notisi ya kutosha na mahali pengine pa kufanyia kazi kabla ya kuondolewa. Kulinda mto kwa kumfilisi kijana ni kuhamisha tatizo. Kesho atachimba mchanga usiku.

NA WEWE JE?

Kijana, usidhani tumemaliza kwa kuwasema wakubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa mwingine uko kwetu.

Kamati ya mazingira ya mtaa wako ina wajumbe kina nani? Mkutano wa mtaa ulioitishwa mara ya mwisho ulihudhuria, au uliwaachia wazee na wapambe wa chama tawala? Tunakesha vijiweni tukibishania Simba na Yanga, kila mmoja anajua idadi ya mabao ya msimu mzima, lakini tukiulizwa halmashauri ilitenga shilingi ngapi kwa mazingira tunatazamana.

Ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Inakuruhusu kuandika barua kwa ofisi ya umma ukaomba taarifa, nayo inapaswa kukujibu ndani ya siku 30. Itumieni. Kijana mmoja akienda peke yake atafukuzwa na karani mlangoni. Wakienda ishirini, na barua imegongwa muhuri wa kupokelewa, nakala wakabaki nayo, ni habari nyingine. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Barua isiwe ndefu. Ulizeni mambo matatu tu. Nani ametoa vibali ndani ya mita 60 za mto wetu? Kamati ya mazingira ya kata ilikaa lini mara ya mwisho, na iliamua nini? Kiasi gani kilitengwa kwa mazingira mwaka huu wa fedha, na kiasi gani kimetoka kweli?

Watakaposhindwa kujibu, mtakuwa mmejua ukweli kuhusu serikali yenu. Wakijibu, mtakuwa na jina la mtu wa kumdai. Na siku ya kampeni, atakapokuja mgombea wa chama chochote, hata cha kwetu, akiwa na kofia na fulana za kugawa, mwekeeni majibu hayo mezani kwanza. Asiyeweza kusema ni idara ipi kati ya zile kumi ataiamuru ianze kesho yake asubuhi, huyo hajaja kuomba kazi, amekuja kuomba ulaji.

Nasi tunazielekeza ofisi zote kumi swali moja, hadharani: kati yenu, nani anajibu kwa ajili ya mto Kanoni? Nafasi ya kuchapisha jibu lenu tumeiacha wazi. Tunataka jina na cheo. Barua ya kutuelekeza ofisi ya jirani hatutaipokea.